Uhamisho na Kalamu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mkonze, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wa Mkonze mliokubali mwaliko wetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati yenye majina yetu yaliyochongwa kwa ncha ya bikari: Mbukwenyi!

Nashukuru mmeitikia kwa sauti. Mwaka nilipofika hapa Kidato cha Kwanza kutoka Tanga, salamu hiyo ilinichukua wiki mbili kuizoea, na wenzangu wa bweni hawakunihurumia.

Halmashauri ya chama chetu imenipa mada ya mahali papya na utunzi: kwamba je, mtu akibadilisha mazingira hupata msukumo wa kutunga, kuchora au kuimba, au ni maneno ya watu wanaopenda safari tu. Barua iliniagiza nisizidi nusu saa, nami kama mtumishi wa serikali najua uzito wa agizo la maandishi. Lakini sote tuliomo humu ukumbini twajua kwamba mada hii haikuangukia mezani kwa bahati. Kuna hoja itakayopigiwa kura alasiri hii. Fedha tulizochanga mwaka huu ama zijenge lango jipya la shule, lenye jina na nembo, ama ziwapeleke vijana wa chama cha uandishi na uchoraji Kolo, wilayani Kondoa, wakakae siku mbili. Hazitoshi yote mawili. Mimi niko upande wa safari, nasema mapema ili nisije nikadhaniwa msuluhishi.

Wenzangu wa lango wana hoja nzito na sitaki kuidharau. Lango litasimama miaka 30, kila apitaye barabarani ataliona, na sisi tutaweza kuwaonyesha watoto wetu. Safari itakwisha Jumapili jioni, na kitakachobaki ni vumbi kwenye viatu. Mmoja wao, rafiki yangu wa toka Kidato cha Pili, aliniuliza wakati wa chai: Kwani mtu hawezi kutunga akiwa amekaa kwao? Swali hilo ni la haki, nami nitajitahidi kulijibu.

Nianze na uhamisho, maana ndio safari tunayoijua sisi watumishi. Julai 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, baada ya uamuzi uliokuwa umetangazwa tangu mwaka 1973, wengi wetu tuliokuwa Dar es Salaam tulishikwa na homa. Kulikuwa na wenzetu waliojua orodha ya mabaya ya Dodoma kwa kichwa: upepo, vumbi, maji yenye chumvi, ukame. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimesoma hapa na nilijua kwamba vitu hivyo vyote vipo kweli. Mwaka 2017 nikahama. Wenzangu walitafuta nyumba Area C na Area D. Mimi nikapanga chumba na sebule huku Mkonze, ambako kodi ilikuwa nafuu na jogoo bado wanawika.

Sasa, kwa muda wa miaka 12 niliyokaa Dar es Salaam nilikuwa na meza, taa, daftari na nia ya kuandika mashairi. Niliyoyaandika kwa miaka hiyo yote ni madokezo sabili. Sisemi kwamba Dar es Salaam haitungiki. Wamekaa pale watu wakubwa wakatunga. Nasema kwamba mimi nilikwisha kupazoea. Mtu akikaa mahali pamoja muda mrefu hupata faida moja kubwa, kwamba hahangaiki tena. Anajua basi litapita saa ngapi, anajua jirani atasema nini, masikio yake yanapumzika na macho pia. Kwa afisa wa masijala hiyo ni heri, maana jalada halitapotea. Kwa mtunzi ni balaa, kwa sababu kalamu hufuata kile ambacho jicho limekishangaa, na jicho lililozoea halishangai.

Nitawapa mfano mmoja mdogo, lakini nataka niukalie kidogo.

Desemba ya mwaka ule wa 2017 alinitembelea mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu wa pwani kama mimi. Tulikuwa tumekaa nje na mzee jirani yangu. Wingu zito likatanda upande wa mashariki. Mwenzangu akatazama juu akasema, ‘Loo, mvua hii itatuharibia jioni yetu.’ Yule mzee hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, taratibu, ‘Mwanangu, hapa kwetu wingu hatulisemi vibaya likiwa bado halijafika.’

Maneno yale hayakunitoka usiku ule. Kwetu Tanga mvua inanyesha zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, kuna vuli na kuna masika, na mtoto anakua akijua mvua kama mgeni asiyejua kuaga. Katika mashairi tuliyokaririshwa na wazee wetu, mvua ni tope, ni paa linalovuja, ni ngalawa isiyoweza kutoka. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi, na karibu zote huja kati ya Desemba na Aprili. Zikikosa, uwele na mtama havitoki, na hakuna msimu wa pili wa kungojea. Kwa hiyo neno lile lile, mvua, kwa herufi zile zile nne, si neno moja Tanga na Mkonze. Nilikuwa nimelisikia neno hilo hapa tangu nikiwa kijana wa bweni, lakini tumbo langu wakati ule lilikuwa likilishwa na stoo ya shule, na anayelishwa na stoo hatazami mawingu.

Asubuhi nilikuwa na beti nne. Hazikuwa beti za kutolea mtu kifua, ila mvua iliyokuwa ndani yake haikuwa mvua ya Tanga. Tangu hapo nikaanza kuuliza. Nina maneno mengi ya maji ya bahari, kujaa na kupwa na bamvua, lakini sikuwa na maneno ya ukavu. Nikafundishwa kwamba korongo lililokauka halijafa. Ukichimba mchanga wake kwa mikono unapata maji ya kunywa. Nikafundishwa kuutazama mbuyu usio na majani bila kuuhesabu kuwa mti mgonjwa. Nikajua kwa nini nyumba ya tembe ina paa tambarare la udongo, na kwa nini paa hilo haliwezi kujengwa kwetu, masika moja tu lingetuangukia. Kila jambo kati ya hayo lilinipa ubeti, na mengine yalinipa shairi zima.

Mtasema: huyo ni mtu mmoja na beti zake nne. Kweli. Tuwatazame basi wakubwa.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huku huku kwetu, upande wa Ihumwa, akafariki mwaka 1969. Alikuwa mtumishi wa serikali, alikuwa hakimu, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Cigogo. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Fikirini jambo hilo ndugu zangu. Vina na mizani vya Kiswahili vilikuwa vimelelewa Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Tanga, katika nyumba za watu waliosikia bahari usiku. Mnyampala alitoka kwenye nyumba nyingine kabisa, akaingia katika nyumba ile kama mgeni, akajifunza kila mlango wake, kisha akawaongezea wenyeji chumba ambacho hawakuwa nacho. Chumba hicho ni ngonjera. Hakuna mtu humu ndani ambaye hakupanda jukwaani shule ya msingi akasoma ngonjera, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, mbele ya mgeni rasmi. Utungo ule wa kujibizana na kuigiza ulishika nchi nzima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Ngonjera za UKUTA zikachapwa mwaka 1970, mwenyewe akiwa amekwisha kutuacha.

Mimi nina imani yangu mwenyewe kuhusu hakimu yule, wala simlazimishi mtu aikubali. Mtu anayekaa mahakamani kutwa anasikiliza pande mbili zikijibizana, kisha jioni anakaa na mashairi, si ajabu akatunga mashairi yenye pande mbili. Lakini ili jambo hilo limjie ilibidi awe mtu wa sehemu mbili, wa Ugogo na wa ushairi wa pwani, wa mahakama na wa diwani. Aliyezaliwa ndani ya nyumba ni nadra kuona mahali pa kutoboa mlango.

Shaaban Robert, ambaye mimi kama Mtanga namtaja kwa majivuno yasiyo na kificho, naye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza forodhani na baadaye katika idara nyingine. Sisi makarani wa leo tukiulizwa tumefanya nini na jioni zetu, tuwe na jibu.

Shaaban Robert huyo huyo ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958. Nawaomba vijana mkitafute kitabu hicho kwenye maktaba, kama panya hawajakimaliza. Siti alizaliwa Fumba, kijijini Unguja, mwaka 1880 hivi, katika nyumba ya kimaskini. Alikuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuuza, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba njiani ili watu wajue vyungu vinapita. Mwaka 1911 akahamia mjini. Kule akakutana na watu wa muziki waliomfundisha, akaipeleka taarabu kwa Kiswahili katika masikio yaliyozoea Kiarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti ilikuwa ni ile ile ya mwuza vyungu wa Fumba. Mji ulimpa wa kuisikiliza, ulimpa ala za kuifuata, na ulimpa mambo ya kuimba: kesi za mahakamani, dhuluma, vituko vya wakubwa. Angebaki Fumba angeimba, hapana shaka. Sidhani kama angeimba hayo.

Sasa nije kwa mtu aliyefanya safari ya upande wa pili, kutoka kwetu kwenda pwani. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 hivi, kijijini Doduma, mkoani kwetu. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa Kigogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam apige muziki, na baadaye akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Kutoka Bagamoyo alizunguka dunia. Alifariki huko Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 2003.

Mtu huyo aliishi kando ya bahari miaka zaidi ya 20. Je, aliacha kuimba Cigogo? Hakuacha. Ilimba yake aliendelea kuipiga, na izeze, na sauti zile zinazopanda na kushuka kama za mtu anayeita mifugo ng'ambo ya bonde. Lakini muziki ule, ambao hapa kwetu ulikuwa wa jando, wa mavuno na wa pombe, kule ulimlazimu asimame mbele ya watu wasiojua neno hata moja, na bila kuwaeleza kitu awafanye wanyamaze. Hilo lilimbadilisha. Alikutana na wapigaji kutoka makabila mengine chuoni, akakutana na mitambo ya kurekodia Uingereza, akaongeza chuma katika ilimba zake mpaka zikawa kubwa kuliko zile za wazee wake. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo wake, Pendo na Leah, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Ilimba na izeze zilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake walijulikana kwa kuimba na kwa ngoma ya muheme. Nashawishika kusema kwamba ule umbali wa kutoka Doduma hadi Bagamoyo ulisaidia kulegeza jambo hilo. Wazee mliopo mtanisahihisha wakati wa maswali.

Katika hao wote sikupata mmoja aliyetupa alichokuwa nacho alipofika mahali papya. Mahali papya palimlazimu akitumie kwa namna nyingine. Nalisema hili kwa ajili ya ninyi vijana, na nina sababu.

Mwalimu mlezi wa chama cha uandishi alinipa wiki tatu zilizopita bahasha yenye kazi zenu nizisome. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Kiswahili chenu ni kizuri kuliko chetu cha wakati ule, na hilo nalisema mbele ya walimu wenu ili walisikie. Lakini hadithi nyingi sana zilikuwa zinatokea Dar es Salaam ufukweni, au Marekani kwenye theluji. Katika moja, kijana anamwaga machozi yanayoganda shavuni kwa baridi. Nilitazama jina la mwandishi, nikaulizia, nikaambiwa kijana huyo ni wa hapa hapa na safari yake ndefu kuliko zote ni Manyoni. Sikumcheka, kwani najua jambo linalomsukuma: anaamini kwamba hadithi ni kitu kinachotokea kwingine. Na katika bahasha ile kulikuwa na kazi moja ya kurasa mbili na nusu, juu ya foleni ya ndoo kwenye bomba la maji, tangu saa kumi alfajiri, na bibi mmoja anayemwachia nafasi mtoto aliyechelewa. Hiyo ndiyo niliyoirudia. Nikauliza tena jina. Mwandishi ni mtoto wa Mwanza, aliyekuja Mkonze mwaka jana tu.

Unaona basi. Aliyelelewa kando ya ziwa ndiye aliyeshangaa foleni ya maji. Hawa wa hapa wanasimama kwenye foleni hiyo hiyo kila likizo, na kwao haina cha kuandikwa.

Ndiyo maana nataka hawa wa hapa waondoke kidogo, na sina haja wasahau kwao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka kwao akiwa kijana wa karibu miaka 20, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaishi Uingereza. Riwaya iliyomkuza ni ile ya mwaka 1994, ambayo kwa Kiswahili imeitwa Peponi, na ilichipuka kutokana na safari aliyoifanya kurudi Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliondoka, kisha akarudi kutazama. Kitabu kilitokana na macho ya aina zote mbili. Hatuwezi kuwapeleka watoto hawa Uingereza miaka 20. Kondoa kwa siku mbili tunaweza.

Sasa niongee na rafiki yangu wa lango, aliyesema kwamba mandhari haitungi shairi. Nakubaliana naye asilimia mia. Kama mandhari ingekuwa inatunga, watumishi wa umma tungekuwa washairi wakuu wa taifa hili. Tumepelekwa semina Bagamoyo, semina Morogoro, semina Arusha mlima ukituangalia dirishani, na tuliporudi tulileta mkoba wa semina, kalamu yenye nembo, na mrejesho wa posho. Mahali papya hapampi kitu mtu aliyekaa ndani ya ukumbi wenye mapazia. Na siku hizi hata nje ya ukumbi mtu aweza kuwa ndani: anafika, anapiga picha kwa simu, anaituma, anainama kusubiri majibu.

Mshairi wa Japani, Matsuo Bashō, mwaka 1689 alitoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akaenda kwa miguu mikoa ya kaskazini ya nchi yake. Safari ilikuwa ya miezi mitano hivi. Kuiandika, kitabu chembamba kabisa, kulimchukua mpaka mwaka 1694, na akafariki mwaka huo huo. Nalileta jambo hili ili mtu asidhani tunadai vijana warudi Jumapili jioni na diwani mkononi. Watarudi na daftari lenye michoro mibaya na sentensi zisizokwisha. Mwalimu mlezi atakuwa na kazi nazo mpaka mwezi wa tisa.

Kwa nini Kolo? Wengine wamependekeza Bagamoyo, wengine Zanzibar, na treni ya mwendokasi iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imeifanya pwani kuwa karibu. Iko siku tutaenda. Lakini kwa mwanzo napenda Kolo kwa sababu iko kwetu na hatuijui. Ni mkoa wetu huu huu, barabara ya Babati, kupita Kondoa mjini. Katika majabali ya kule, chini ya miamba iliyoinama kama vibaraza, kuna michoro ambayo UNESCO iliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna twiga, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kwa rangi nyekundu, wamechorwa na watu waliokuwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Nyingine ni za maelfu ya miaka. Juu yake, mahali pengine, kuna michoro myeupe iliyokuja baadaye sana, ya watu waliolima na kufuga.

Mwaka 1951 Mary Leakey, yule yule wa Olduvai, alipiga kambi kule akanakili michoro hiyo kwa mkono, moja moja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Alikuwa binti wa mchoraji, na udogoni baba yake alimwonyesha mapango yenye michoro huko Ufaransa. Naona ndiyo sababu alipofika Kolo alijua kwamba inafaa kukaa na kunakili, wakati wapita njia wengine waliona mawe tu. Jicho lake lilikuwa limekwisha kusafiri. Nataka vijana wetu wasimame pale wajue kwamba katika uwanda huu mkavu wanaousema hauna kitu, mtu aliwahi kusaga udongo mwekundu, akapanda juu ya jabali, na kuchora alichokiona. Kisha warudi Mkonze watazame mawe yetu haya ya nyuma ya bweni.

Yafaa niseme pia kwamba baadhi ya majabali yale bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji. Kwa hiyo msafara hautaingia kama kundi la mbuzi kwenye shamba la mtu. Tutafuata mwongozaji, tutaomba ruhusa, na hakuna atakayegusa ukuta wala kuumwagia maji ili picha itoke vizuri.

Mambo mengine tumeyapanga na Mwalimu mlezi. Simu zitakaa kwenye mkoba wa Mwalimu mpaka saa nane mchana. Kila mmoja atachagua jabali moja, akae hapo saa nzima bila kuhama, aandike au achore, hata kama ni kivuli tu. Jioni kila kijana atamwuliza mwenyeji mmoja jina la kitu kimoja ambacho hajakijua, alilete jina hilo kwa Kirangi. Usiku wasomeane. Kwa wale ambao gari halitawatosha, naomba wasikae bure. Jumamosi hiyo hiyo Mwalimu wa Kiswahili atawapeleka stesheni alfajiri na sokoni Majengo mchana, kwa mpango ule ule. Dodoma mjini ni nchi ya kigeni kwa mtu anayeipita kila siku ameinamisha kichwa kwenye daladala.

Na kuna jambo moja lisilohitaji hata senti. Wako humu vijana wa Mwanza, Kigoma, Lindi na Dar es Salaam, na wako watoto wa Mkonze wenyewe. Kila mgeni apewe mwenyeji mmoja, waandike mahali pamoja, siku moja, kila mtu peke yake, halafu wabadilishane madaftari. Nimemwomba Mwalimu mlezi aanze nalo muhula huu, lango lijengwe lisijengwe.

Ndugu Mwenyekiti, nimebakiwa na dakika chache nami nataka kuzitumia kwa hesabu. Lango halitaoza likingoja mwaka mmoja. Lile la zamani limeegemea nguzo, ni kweli, lakini linafunga. Kijana wa Kidato cha Tatu akingoja mwaka mmoja anakuwa Kidato cha Nne, ana mtihani wa taifa, na Kolo tena basi. Katika chama cha uandishi wako vijana 11 wa Kidato cha Tatu. Basi dogo la kukodi lina nafasi zao, Mwalimu na mpishi. Kura ikiwa ya safari, naahidi mbele yenu kwamba mwakani nitatoa mchango wangu wa lango kabla sijadaiwa, na mhazini aniandike. Kura ikiwa ya lango, nitamwomba mhazini ruhusa nipitishe daftari la pembeni, na nimekwisha kutia jina langu mstari wa kwanza.

Tarehe tuliyoshika ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, maana wakati huo mvua zimekwisha, njia zinapitika na usiku kule kuna baridi. Vijana walete mashuka mawili. Daftari liwe lisilo na mistari kwa wachoraji, na penseli badala ya kalamu ya wino.

Naona rafiki yangu wa lango amekwisha kunyoosha mkono.